Mpiga Kinanda Aliyeniomba Mjukuu

Atakayesema nimeota, na aseme. Ilikuwa saa kumi alasiri, nimetoka kuswali, na mimi si mtu wa kulala alasiri. Shule niliishia darasa la pili, lakini macho ninayo.

Binti yangu ni muuguzi Riyadh, tunakaa mtaa wa Malaz. Nilikuja kumlelea mwanawe, Rukia, wa miaka kumi. Kinanda tulikikuta humo humo nyumbani, kiliachwa na mpangaji wa kabla yetu. Siku hiyo upepo wa vumbi ulipiga tangu asubuhi, Rukia yuko chuoni anasoma Kurani, nami nimeshika tambara nianze kufuta. Kugeuka, Mzungu mzee amekaa kwenye kinanda!

Nikadhani mlango umeachwa wazi. Nikamtazama miguu kwanza. Si ndivyo tufanyavyo? Viatu vizuri tu, hakuna kwato za jini. Nikatulia.

Kiarabu chake kibovu kama changu, tukaelewana. Akasema amekuja kukiona kinanda chake. Akapiga. Wallahi, akapiga kwa viwiko, akaingiza mkono ndani akavuta nyuzi kama anayemtoa kuku matumbo.

"Miaka hamsini nimepiga hivi, Ulaya nzima," akasema. "Sijarudia wimbo hata mmoja. Watu walitoka ukumbini, wengine wakanirushia chupa."

"Si ungejifunza japo mmoja, mzee?"

Akacheka. "Nani anapiga hapa sasa?"

"Mjukuu wangu Rukia! Hakosei kabisa. Wiki ijayo anatahiniwa Jeddah, shule ya muziki, akifaulu watamsomesha bure."

"Hakosei?" Akashtuka kama nimemwambia mtoto anaumwa. "Basi nipe mimi."

Kwetu mtu akikuomba mtoto unajibu nini? Nikamjibu: "Mchukue, ukiweza kumlisha!"

Nikaenda kumtilia kahawa. Kurudi, hayupo. Komeo limefungwa kwa ndani, na vumbi la kwenye kinanda halina alama hata ya kidole. Haris, mlinzi wa jengo, akaniambia mwenye kinanda, yule mpangaji Mzungu, alikufa mwaka jana.

Sikumwambia mtu. Kule Jeddah, Rukia akakaa mbele ya watahini, na wimbo aliousomea mwaka mzima haukutoka. Akapiga kwa viwiko. Mtahini mmoja akatoka nje. Halas, nafasi ikaenda.

Huu mwaka wa pili. Mtoto anakula, anacheka, darasani ni wa kwanza. Lakini hajarudia wimbo hata mmoja. Mwalimu wa kinanda alimwacha. Mama yake nilimweleza baadaye; Rukia akipiga, hanitazami usoni. Mimi nakaa namsikiliza. Mikono ni ya Rukia, anayeipeleka simjui.

Wewe mwenye wajukuu, mgeni akikuomba mtoto, usifanye mzaha. Mwambie ana wenyewe.