Siku Baba Alipoingia Jikoni

Siku hizi sina hamu ya chakula, rafiki yangu. Sisemi hivyo ili unihurumie. Ni uchovu tu. Mtu akishapika miaka na miaka, akilisha mume, watoto, wageni wa mume na wageni wa watoto, halafu nyumba ikabaki na yeye peke yake, mkono unakataa kuwasha moto kwa ajili ya sahani moja. Hapa Migori nina jiko la gesi la kuwasha kwa kidole, na bado kuna siku nakunywa chai ya rangi asubuhi na jioni, nikaona siku imekwisha salama.

Binti yangu anayefanya kazi ng'ambo ameligundua hilo kwa simu. Swali lake ni lile lile. “Mama, umekula?” Nikimwambia nimekula, anauliza nimekula nini, na hapo ndipo ninaposhikwa. “Si ukule basi, Mama, hata kama ni kidogo,” ananiambia kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Wiki iliyopita mwenzake wa kazini alikuja nyumbani likizo, akaniletea mfuko kutoka kwake. Ndani kulikuwa na sweta, dawa ya magoti, na chupa ndogo ya kioo iliyojaa vidude vya kijani vikielea kwenye maji ya siki na chumvi. Nilifungua kifuniko nikanusa, nikavijua mara moja.

Baba aliviita kepasi. Ni matumba ya maua ya kichaka fulani cha nchi za Wazungu, huchumwa kabla hayajachanua, kisha hulowekwa. Nilimtajia binti yangu mara moja tu, zamani, naye kumbe aliliweka jina hilo akilini.

Baba alikuwa mpishi wa bwana mmoja Mzungu kule Macalder, wakati mgodi wa huko bado unafanya kazi. Sisi tulikaa nyumbani, karibu na Homa Bay, mahali ambapo ukisimama uani unaliona ziwa mpaka macho yachoke. Baba alikuja mwisho wa mwezi, viatu vimejaa vumbi la njia ya Ndhiwa, na kwenye kapu lake hamkukosa kitu kutoka kwa bwana: kipande cha sabuni ya kunukia, gazeti la kufungia vitabu vyetu vya shule, na chupa ya kepasi ambayo bibi wa bwana alishaichoka. Siku moja alileta hata kikaango cha chuma, cheusi, kizito kiasi kwamba mimi sikuweza kukiinua kwa mikono miwili.

Sasa sikiliza kichekesho cha nyumba yetu. Kule Macalder baba alipika kila siku ya Mungu. Nyumbani hakuruhusiwa hata kusogeza kuni. Mwanamume wa Kijaluo wa siku zile hakuingia jikoni kwa mkewe. Akikutwa ameinama juu ya mafiga, aibu haikuwa yake peke yake. Ilikuwa ya mkewe na ya mama yake pia, na wazee wangesema ameiletea nyumba chira, ile balaa inayomfuata aliyevunja mwiko. Kwa hiyo baba alipika kwa mdomo. Aliweka kigoda chake nje, kando ya ukuta wa jiko, akaketi na kofia yake magotini kama mtu anayepunga upepo. Mama alikuwa ndani. Mimi nilikuwa katikati, mlangoni, nikibeba maneno.

“Mwambie mama yako mafuta yanalia sana, apunguze kuni.”

Ukuta ulikuwa wa udongo tu na mama alisikia kila neno, lakini kwao heshima ilikuwa maneno yapitie kwa mtoto. Nami niligeuka nikasema yale yale. Mama alijibu bila kuinua macho, “Mwambie baba yako nilianza kupika kabla sijamjua.” Nikapeleka hilo nje, na baba akacheka kimyakimya, mabega yakitikisika.

Samaki alikuwa ngege, yule sato wa ziwa letu, kwa sababu sisi tulikuwa Wasabato na samaki waliokatazwa na dini, kama kamongo na mumi, hawakuruhusiwa kuvuka mlango wetu. Ngege wa siku zile alijaza kikaango kichwa mpaka mkia. Mama alimpara magamba, akampasua, akampaka chumvi kidogo na kumwanika juani kwa muda. Kisha samli ya ng'ombe wetu iliingia kikaangoni, samaki akalazwa, na ngozi yake ikaanza kupasuka kwa sauti ndogo. Mwishoni kabisa ziliingia kepasi na maji ya ndimu. Hapo baba alikuwa na amri moja ambayo hakuisahau hata siku moja: “Mwambie azioshe kwanza! Asipoziosha chumvi itazidi.” Aliisema hata mama akiwa ameshaziosha na maji yanamdondoka vidoleni.

Dani, ndivyo tulivyomwita mama yake baba, hakuzitaka. Alizitazama mara ya kwanza akasema kumbe Wazungu wanakula mavi ya mbuzi mabichi. Mama naye alilalamika kwamba zinauma ulimi. Lakini nilimwona zaidi ya mara moja, watu wakishakula, akikwangua kikaango kwa kidole na kulamba zile zilizobaki zimeungua.

Miaka michache baada ya Uhuru mgodi ulifungwa. Bwana alikwenda kwao, na baba akarudi nyumbani moja kwa moja na kisanduku cha mbao chenye chupa za mwisho. Wakati huo mama alikuwa mjamzito. Wanawake wengine wakiwa na mimba walitafuna udongo. Mama alikula kepasi, akizitoa chupani kwa vidole mbele ya kila mtu, bila haya. Dani alicheka akasema mtoto huyo atazaliwa akiongea Kizungu. Chupa zikaisha moja baada ya nyingine, ikabaki moja.

Mtoto alizaliwa wakati wa mvua ndefu. Hakukaa nasi. Tulimzika kando ya nyumba, na mama akaingia ndani, akalala, akaugeuzia ukuta uso.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mama hakula. Uji uliletwa ukapoa, ukachukuliwa. Dawa ya zahanati aliinywa kisha akarudi kulala. Shangazi walikuja na kuku, wakarudi kwao wakitikisa vichwa. Vidole vyake vilikonda mpaka pete ikawa inamtoka yenyewe. Watu wazima walinyamaza kila nilipoingia, na mtoto hahitaji kuelezwa kimya cha namna hiyo kina maana gani. Mama yangu alikuwa anakufa, na nilijua.

Dani alijaribu. Aliinyakua ile chupa ya mwisho, akazichemsha nusu ya kepasi pamoja na samaki kama mtu anayechemsha mboga za kienyeji. Kilichotoka hapo hata paka alikinusa akaenda zake. Shangazi hawakujua, mimi sikuweza kuinua kikaango, na aliyejua alikuwa ameketi nje na kofia magotini, bila mkewe jikoni wa kumpelekea maneno, na Dani hakuwa mtu wa kuamriwa na mwanawe.

Ijumaa jioni nilimsikia baba akimwambia Dani, “Mama, kesho wote watakuwa kanisani.”

 Unaelewa Dani alikuwa anaombwa nini? Alibatizwa ukubwani, na Sabato kwake haikuwa ya mchezo. Chakula cha Jumamosi kilipikwa Ijumaa na moto ukalala. Sasa mwanawe alitaka kuwasha moto siku ya Sabato, tena jikoni kwa mke, tena kwa mkono wake mwenyewe. Miiko ya kanisa na ya ukoo kwa mpigo mmoja.

“Na mkeo akikataa kula?” Dani aliuliza.

“Angalau atakataa cha kwangu,” baba akasema. “Na kama kepasi zitamkumbusha mtoto, alie basi. Tangu tumzike hajalia.”

Asubuhi njia nzima ilijaa watu waliovaa nguo nyeupe wakielekea kanisani. Walipokwisha kupita, Dani alivaa nguo zake za kanisani, akachukua kitabu chake cha nyimbo, akaketi katikati ya mlango wa jiko na kutandaza sketi yake pande zote mbili. Hakujua kusoma, lakini alikifungua. Baba alivua kofia, akampita mama yake akiwa ameinama, akaingia.

Mimi niliketi ubavuni mwa Dani. Nilimwona baba kwa mara ya kwanza akiwa kazini, na sitasahau jinsi alivyokuwa hajui pa kukaa. Kule Macalder alipika amesimama. Hapa mafiga yalikuwa chini, paa lilikuwa linagusa kichwa, na moshi ulimwingia machoni. Alipiga magoti, akainuka, akapiga magoti tena. Ndimu aliikata vipande visivyolingana. Kila jogoo alipowika alitazama mlangoni.

Halafu tukasikia hatua. Alikuwa jirani, mke wa mzee wa kanisa, amebaki nyumbani kwa sababu ya mguu unaouma. Alisimama penye ua wetu, akiegemea fimbo yake.

“Dani, oyawore,” akamwamkia kwa Kijaluo. “Moshi wa nini leo Sabato?”

“Maji ya mgonjwa,” Dani akasema, macho kwenye kitabu.

Jirani alinusa. Samli na samaki na ndimu zilikuwa zimejaa uani. “Na harufu hii ya samaki?”

“Ni wa jana. Moto unaamsha harufu.”

Kikaango kililia ndani. Dani alianza kuimba wimbo wa dini kwa sauti kubwa, wimbo ambao hata haukuwa na maneno, mradi sauti. Jirani alisubiri amalize. Alikitazama kigoda cha baba kando ya ukuta, kitupu, na kofia yake juu yake. Alikitazama sana.

“Basi mwambie huyo anayechemsha maji asiyaunguze,” akasema mwishowe, akageuka, akaenda akichechemea. Nimeishi miaka yote hii, na sijawahi kusikia kwamba alimwambia mtu.

Mimi ndiye niliyepeleka sahani. Baba alitoka akarudi kwenye kigoda chake, lakini safari hii alikisogeza mpaka chini ya dirisha la nyumba kubwa, alimolala mama. Nilimwita mama. Hakugeuka. Niliiweka sahani karibu na uso wake na kuketi chini. Harufu ilifanya kazi ambayo mimi sikuweza. Niliona mgongo wake ukivuta pumzi. Akageuka taratibu, akaitazama sahani, akakata kipande kidogo cha nyama ya mgongoni pamoja na kepasi mbili, akatia mdomoni. Alitafuna kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko ibada nzima.

“Chumvi imezidi,” akasema.

Sauti yake ilikuwa inakwaruza kwa kutotumika.  Akatafuna tena, uso ukaanza kukunjamana, na machozi yakaanza kushuka, ya kweli, ya mtoto wake. Kisha akainua kichwa kuelekea dirishani na kusema moja kwa moja, bila kunipitisha mimi katikati, “Wewe, hukuziosha!”

 Baba akajibu kutoka nje. “Nilisahau.”

Yeye, aliyetuchosha kwa wimbo huo miaka yote. Mama alilia na kula, akalia na kula, akaomba maji, akamaliza mpaka mkia. Nilipotoka nje na sahani tupu, baba alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake. Nilidhani anacheka kwa sababu mabega yalikuwa yanatikisika.

Baba hakuingia tena jikoni maisha yake yote, na mama hakumtania kwa hilo hata siku moja, yeye aliyemtania kwa kila kitu. Jumamosi iliyofuata Dani aliimba kanisani kuliko kwaya nzima. Chira haikuja, au kama ilikuja ilitukosa.

Sasa wote wamekwisha. Lile jiko lilianguka, mahali pake pameota lantana. Ngege wa kujaza kikaango simwoni tena. Sokoni hapa wananiuzia samaki wa barafu aliyesafiri kuliko mimi. Wanangu wa kiume wanapika mbele ya wake zao wakipiga mluzi, na nafurahi, kwa kweli nafurahi. Lakini hakuna tena anayehitaji mama yake akae mlangoni na kutandaza sketi. Hakuna jirani anayenusa akaamua kwenda zake. Nawakumbuka mpaka nachoka.

Jana nilinunua samaki, wa hivyo hivyo. Nikawasha gesi. Samli sikupata, nikatumia mafuta ya kawaida. Chupa niliifungua na kuzimwaga kepasi moja kwa moja kikaangoni, bila kuziosha, makusudi. Kisha nikaketi mezani nikiangalia dirisha lililo wazi, nikatia kipande mdomoni.

“Chumvi imezidi,” nikasema kwa sauti.

Nilingoja kidogo, uma mkononi. Halafu nikala mpaka mkia.