Baba Alipomvisha Paka Kanzu ya Idi

Jamani, leo nimemvisha paka wangu nguo ya dukani baada ya upasuaji, nikacheka hadi machozi.

Nimemkumbuka marehemu Baba.

Ni Garsen, mwishoni mwa miaka ya tisini. Baba alikuwa mfugaji wa ng'ombe, mtu mkavu, na paka hata hakuwaangalia.

Mama ndiye aliyempenda Siti, paka wetu aliyezaa bila kupumzika. Daktari wa mifugo alipokuja kuchanja ng'ombe, akamfunga uzazi na kumshona tumboni.

"Sindano ya maumivu nimempa," alisema. "Msimpe dawa za watu, zitamuua. Na asirambe mshono."

Siti akaramba! Uzi ukaanza kuachia, damu ikatoka, Mama akalia.

Baba akaingia ndani. Akatoka na kanzu yake mpya ya Idi, akakata mkono mmoja kwa kisu, akautoboa matundu manne ya miguu, akamvisha Siti.

"Baba Hadija! Kanzu ya Idi?" Mama akapiga kelele.

"Kwani mimi nina mshono?"

Kisha akampakata, akimlambisha maziwa kwa kidole, mpaka akaacha kutetemeka.

Mshono ukashika. Idi ikafika Siti bado amevaa, na Baba akaenda kuswali na kanzu ya mkono mmoja. (Mwenye baba kama huyu ajitokeze hapa!)

Mzee mmoja akamuuliza, "Mkono mwingine uko wapi?"

Baba akajibu bila kutabasamu, "Una mgonjwa ndani."