Mutanu na Watu wa Kwenye Karatasi

Mimi kazi yangu ni kusuka nywele, mtaani Laini Saba, karibu na reli, na jirani yangu wa kibanda ni Mutanu, mama anayeuza ndengu, mbaazi na kunde kutoka kwao Kitui. Tumekaa pamoja miaka mingi hata kikohozi chake nakijua. Kwa hivyo nikisema Mutanu ana kiherehere, simsengenyi. Ni kama kusema Mutanu ni mfupi.

Mtoto wa jirani akiharisha, Mutanu anajua kabla mamake hajajua. Mzee asipoonekana nje asubuhi, Mutanu yuko mlangoni kwake anabisha kama polisi. Amewapeleka watu kliniki mgongoni, kwa mkokoteni, na siku moja kwa kiti changu cha saluni, ambacho hakikurudi na miguu yote. Wengine humshukuru. Wengine humfungia mlango na kumwambia akauze ndengu zake.

Ndiyo maana kliniki ilipotangaza kwamba inatafuta mhudumu wa afya wa kuzungukia nyumba za upande wetu, sote tulimtazama yeye. Angepewa mkoba na koti la bluu, na kazi yake rasmi ingekuwa ni kuwaingilia watu majumbani. Shida ilikuwa moja tu. Maelezo ya dawa huja kwa Kiingereza, kwa hivyo Sista Wangoi, muuguzi mkuu pale, aliweka mtihani. Unapewa hadithi ya Kiingereza, unaisoma, unajibu maswali. Mutanu, ambaye aliachia masomo darasa la sita, alienda akaanguka. Sista akamwambia arudi baada ya miezi mitatu. Akianguka tena, nafasi ingemwendea Gichuru, kijana anayeongea Kiingereza kuanzia asubuhi hadi jioni, lakini sijawahi kumwona ameshika hata mkono wa mgonjwa.

Mutanu hakulia. Alinunua kalamu, akaja akasimama mbele ya kioo changu.

"Mama Otis, Jumapili tunaenda Kawangware."

"Wewe na nani?"

"Na wewe. Nikienda solo watu wataanza kuuliza naenda wapi."

Kule Kawangware, sehemu wanayoiita Kongo, kuna mzee mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha, aitwaye Simeon. Chumba chake kimoja ni shule ya chekechea siku za wiki, na Jumapili baada ya kanisa hukifungua bure kwa watu wazima wanaotaka kujifunza kusoma Kiingereza. Mwalimu ni mpwa wake, Nyawira. Mutanu alipachagua kwa sababu hakuna mtu wa Laini Saba angemwona huko ameketi kwenye kiti cha mtoto wa miaka minne. Tukapitia mtaa wa Ayany kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma nikilalamika, maana viatu vyangu vya kanisa havikununuliwa kwa safari hiyo.

Nilisema nitamngoja nje. Jua likanichoma, nikaingia, na nikishaingia sikutaka tena kutoka.

Hadithi ya kwanza ilihusu desturi za watu. Bwana mmoja, Peter, amemtembelea rafiki yake. Mke wa rafiki anamwuliza kama angependa kula. Peter anajibu hapana, asante, sina njaa. Wanaongea kidogo, anaaga, anaenda zake. Swali likauliza: je, Peter alikuwa na njaa?

Darasa zima liliandika ndiyo.

Nyawira alipitia karatasi moja baada ya nyingine huku ameshika kidevu. "Lakini amesema mwenyewe hana njaa."

"Ticha," akasema Mutiso, soja wa geti kutoka Machakos, mwenye sauti ya kutikisa madirisha, "sasa mgeni angesema nini? Ati niko na njaa, leteni ugali?"

"Mwenye makosa ni huyo mama," Mutanu akadakia, na nikaona amekasirika kweli. "Mgeni haulizwi. Unaweka chai, unaweka chapati, unanyamaza. Huyo Peter ametoka hapo na uchungu kwa roho."

"Akapitia kwa kibanda akanunua mandazi," Mutiso akaongeza.

"Hakuna mandazi kwa hii hadithi!" Nyawira akapiga kelele, halafu akashindwa kujizuia, akacheka hadi akalazimika kuketi kwenye meza ya watoto.

Jumapili iliyofuata Peter alisafiri. Alifika mji wa mbali usiku, hoteli zimejaa, akalala kwenye kituo cha treni. Swali: Peter alilala wapi? Mutanu aliandika kwamba alilala kwa binamu yake.

"Binamu gani, Mama Wanza?" Nyawira akauliza kwa upole. Wanza ni kifungua mimba wa Mutanu.

"Hata mimi nashangaa kwa nini hawajamwandika. Mtu hawezi kwenda mji ambao hana mtu. Mimi nilipotoka Kitui sikujua yeyote hapa. Nikauliza kanisa la Wakamba liko wapi, na hiyo jioni nilikula nikalala."

"Peter si Mkamba."

"Kila mtu ana watu wake," Mutanu akasema. Darasa likaitikia kwa mguno, mimi nikiwemo. Mutiso yeye alishikilia kwamba Peter anamficha mkewe kitu.

Basi Nyawira alifunga kitabu, akavuta kiti, akaketi karibu na Mutanu. "Nisikilize. Hadithi ni kama nyumba ya mtu. Umekaribishwa sebuleni, kaa sebuleni. Usiingie jikoni kufunua sufuria."

"Na kama kuna kitu kinaungua?"

"Kiungue."

Sijawahi kuona mtu akipewa kazi ngumu hivyo. Wiki zikaenda, Mutanu akifanya mazoezi kibandani kati ya mteja na mteja, mimi nikimshikia kitabu kwa mkono mmoja na kichwa cha mtu kwa mwingine. Maneno magumu alikuwa anayajua kuliko nilivyodhani. Kilichomshinda ni kunyamaza. Mama mmoja kitabuni alimeza dawa ya jirani, Mutanu akaruka kutoka kwenye kigoda. Mzee mmoja alipanda basi akiwa na homa, Mutanu akataka kujua ni nani aliyemruhusu. Nikawa namkumbusha: sebuleni, Mama Wanza, sebuleni. Naye anakaza roho, anaandika kile kilichoandikwa, kisha anatazama kando kama shahidi aliyetoka kudanganya kortini.

Siku ya mtihani nilifunga saluni. Sikuwa peke yangu. Wanawake wa laini yetu walijipanga nje ya kliniki, hata wale waliowahi kumfungia mlango, na Nyawira akatoka Kawangware asubuhi kwa ajili yake. Gichuru alikuwa ameegemea geti, anachezea simu, ametulia kama mtu anayengojea chakula alichokwisha agiza. Alinikasirisha bure. Kijana wa watu hakuwa amefanya lolote baya.

Tulisongamana dirishani. Mutanu alisoma kwa kidole, midomo ikicheza, akaandika kidogo, akasoma, akaandika kidogo. Nyawira akatabasamu. "Majibu mafupi. Yuko sebuleni."

Halafu Mutanu akaacha kusoma. Akaandika bila kuinua kichwa. Akageuza karatasi, akaandika nyuma yake yote, akainua mkono na kuomba nyingine.

Nyawira akashika kichwa. "Ameingia jikoni," akasema. "Mungu wangu, ameingia jikoni."

Miezi hiyo yote, na viatu vyangu vimekwisha. Nilitamani kugonga kioo nimpigie kelele, lakini Sista Wangoi alikuwa anatutazama.

Muda ulipoisha, Sista alichukua karatasi, akatuona tulivyojaa dirishani, akasema tuingie tu, kwani tumeshawazibia wagonjwa mwanga. Tukaingia tukasimama ukutani. Mutanu alikuwa ameketi, mikono mapajani, uso unang'aa kwa namna ambayo sikuielewa.

Sista alisoma kwa sauti. Hadithi ilikuwa ya bwana aitwaye Daniel, aliyesafiri mbali kikazi, akanywa maji ya kisima bila kuyachemsha, na sasa anaharisha, amelala peke yake chumbani. "Daniel alikunywa nini? Maji ya kisima. Sawa. Anaumwa wapi? Tumbo. Sawa. Nani yuko naye? Hakuna. Sawa." Kila sawa, Nyawira alinifinya mkono. "Swali la mwisho. Wewe ungemshauri Daniel nini?"

Swali kama hilo hatukuwahi kulifanya.

"Ticha," Mutanu akamwambia Nyawira, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya msichana, "hapo mwisho waliniuliza mimi."

Mimi si mtu wa machozi, lakini nililia, na sioni haya kusema.

Sista akaendelea kusoma, sasa kimya, kalamu nyekundu mkononi. Kiingereza kilikuwa na makosa na hakuyaonea huruma, aliyazungushia yote. Lakini tuliona alivyopunguza mwendo. Baadaye Mutanu alitueleza alichoandika. Daniel achemshe maji, aweke sukari na chumvi kidogo, anywe pole pole hata akitapika. Akiona macho yameingia ndani asingoje kuche, aende hospitali. Abishe ukuta wa jirani, na mlango auache bila kufuli ili mtu aweze kuingia. Akipata nafuu ndipo ampigie mamake, asimtishe. Na mwenye kisima aambiwe, maana kesho kuna mwingine atakunywa.

Sista alifika mwisho, akarudi mwanzo wa ukurasa, akavua miwani.

"Mama Wanza, huyu Daniel ni mtu wenu?"

"Hapana, Sista."

"Basi mbona umemwandikia karatasi mbili?"

Mutanu alimtazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba hilo ndilo swali la kwanza siku hiyo lililomshinda.

"Si ni mgonjwa," akasema. "Na yuko peke yake."

Sista akafungua kabati lililokuwa nyuma yake, akatoa koti la bluu, akalinyoosha hewani, akamwuliza kama litamtosha mabegani.