Fremu Alizozikata Mama

Tulimzika mama Jumatatu. Jana, nikifagia stoo yake hapa Kibiti, nilikuta fremu fupi za mzinga wa nyuki, zenye alama za msumeno, bado zinanuka nta.

Nilipokuwa mtoto, mchwa walikula mzinga wake mkubwa, ukabaki mdogo. Mchana mmoja alizipunguza fremu kwa msumeno ziingie humo, kisha ikabidi ayakate na masega kwa kisu, nyuki wakiwa juu yake. Mimi nilishika kopo la makumbi ya nazi yanayofuka moshi.

"Funga mdomo, Zuhura. Nyuki hawapendi pumzi ya mtu," alisema. "Ila mwangalie malkia. Akifa huyo, tumewapoteza wote."

"Nitamjuaje?"

"Mrefu kama shangazi yako, na maringo yake hayohayo."

Nilicheka. Akanikazia macho, nikanyamaza.

Nilimwona. Alikuwa akitembea taratibu juu ya sega, palepale kisu kilipoelekea. Mvumo wa nyuki ulinijaa kifuani. Niliamini kwamba nikitamka neno moja tu watatuvamia. Leo najua ningeweza kumvuta mama kanga. Sikumvuta, na kisu kikapita.

Mama alikiinua, akaona nusu ya malkia imenata.

"Mkono wangu huu," alisema. "Kwani wewe hukumwona?"

Nilitikisa kichwa, kana kwamba sikumwona. Akanipokea kopo, akaniambia nikanawe macho, moshi umeniumiza.