Betri yangu ya akiba niliihifadhi juu ya jiko, mama mkwe akasukuma gari

Wakuu, wakubwa shikamooni. Wadogo, marahaba zenu nazitoa mapema kabla hamjaanza kunicheka.

Uzi huu sikutaka kuuandika. Ila juzi nimeona mtu humu anauliza namna ya kutunza betri ya gari ya akiba, wachangiaji wanamjibu kila mmoja na lake, nikaona nikinyamaza itakuwa roho mbaya.

Ninayosimulia ni kweli tupu. Mashahidi ninao, safu ya kwanza yote ya msikiti wetu.

Mimi ni mkazi wa Mtunda, huku Kibiti. Nalima kidogo, lakini riziki yangu kubwa inatoka kwenye kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo. Nabeba nazi, machungwa, mchele, na msimu ukifika nabeba korosho.

Kuna siku kirikuu ilinizimikia Ndundu, hapo jirani na daraja, machungwa yamejaa mpaka juu na jua linawaka. Betri ilikuwa imechoka. Nikasaidiwa na dereva mmoja wa lori, nikarudi nyumbani nimeapa kwamba aibu ile haitanipata tena.

Nikanunua betri mpya.

Sasa mtu mwenye akili zake angeifunga mpya kwenye gari akaachana na ya zamani. Mimi nikasema hapana, ya zamani bado ina pumzi, hii mpya itakuwa backup. Ndivyo nilivyo. Nina mashuka kabatini tangu harusi yangu, hayajatoka kwenye nailoni.

Swali likawa naiweka wapi.

Nilishasikia kwamba betri haiwekwi chini, eti sakafu ya saruji inanyonya chaji. Nani aliniambia sikumbuki, ila niliamini kuliko ninavyoamini utabiri wa mvua. Kwa hiyo chini hapana. Chumbani shemeji yenu, yaani mke wangu, alikataa. Nikatafakari, nikapata jibu ambalo siku ile niliona ni la kiprofesa.

Jikoni kwetu, juu ya mafiga, kuna uchaga wa miti. Ndipo tunapoweka mbegu za mahindi zipigwe moshi zisibunguliwe. Wazee wetu wote wamehifadhi mbegu hivyo, na mbegu zinaota. Nikajiuliza, kama pale panahifadhi uhai wa mbegu mwaka mzima, patashindwaje na betri?

Nikaisafisha. Vile vichwa vyake viwili nikavipaka mafuta ya nazi, kama mtoto anayepelekwa madrasa. Nikaiviringisha nailoni isiingie vumbi, nikaifunga kamba, nikaipandisha juu na kuilaza kati ya mahindi ya mbegu.

Shemeji yenu alikuwa anakuna nazi. Akainua macho akaniuliza, "Baba Sharifa, na hiyo nayo utaipanda?"

Nikamwambia mambo ya magari aniachie mimi.

Kuchaji? Miezi yote iliyokaa pale sikuichaji hata siku moja. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: haijatumika, itaishaje? Maji kwenye dumu lililofungwa hayapungui. Nilichokuwa nafanya, kila baada ya muda napanda kwenye kigoda, naiinua kidogo nisikie uzito. Nikiona bado nzito, nashuka roho kwatu. Chaji ipo.

Naombeni msome tena hapo juu. Nilikuwa napima chaji kwa uzito.

Na nilikuwa nimetangaza kijiji kizima. Mwenzangu akilalamika gari haiwaki, mimi nasikika, "Ndiyo maana wengine tuna akiba." Hata Mzee Seif, bilal wetu anayeadhini msikitini, alipokuja kuiomba kwa ajili ya spika ya msikiti, maana betri yao ilikuwa imekufa na umeme unakatika, nilimjibu kwamba akiba haiguswi, imepumzika. Mzee akasema haya, akaenda zake. Kumbe angeichukua, angekuwa anaichaji na kuitumia, na ingekuwa hai mpaka leo.

Twende kwenye kisa chenyewe.

Mama mkwe wangu anaishi Kiongoroni, kule delta karibu na bahari. Ni mama aliyezoea kukata mikoko, mikono yake ni migumu kuliko yangu. Tatizo lake lilikuwa macho. Mtoto wa jicho, yote mawili. Wakati namuoa binti yake tayari alikuwa anaona ukungu, na miaka ilivyokwenda akabaki anatofautisha mwanga na giza tu.

Zikaja habari kwamba madaktari wa macho watakuwepo hospitali ya Kibiti kwa siku chache. Akapimwa kwenye zahanati ya huko kwao, akaandikishwa kufanyiwa upasuaji, akaambiwa awahi asubuhi, kwa sababu watu ni wengi na asiyekuwepo jina likiitwa, nafasi anapewa mwingine. Wakiondoka hao, hakuna ajuaye watarudi lini.

Akaletwa kwangu siku moja kabla, kwa boti kisha bodaboda, amechoka hajiwezi. Jukumu langu lilikuwa moja tu, kumfikisha Kibiti asubuhi.

Wanaojua mila za huku wataelewa hofu yangu. Mkwe hatazamwi usoni. Mimi nikimsalimia naangalia chini, yeye anavuta kanga. Miaka yote hiyo hatujawahi kula sahani moja wala kukaa mkeka mmoja. Na kirikuu ina viti viwili tu mbele. Nilikuwa sijapata usingizi mzuri kwa kuwaza tutakavyokaa bega kwa bega mpaka Kibiti.

Alfajiri nikavaa kanzu yangu nyeupe, nikamfungulia mlango, shemeji yenu akapanda nyuma na mikoba. Nikazungusha ufunguo.

Tik.

Nikarudia. Tik.

Mtadhani niliogopa. Wakuu, nilifurahi. Nilifurahi kabisa, maana siku niliyoingoja imefika, na imefika mbele ya mkwe. Nikasema kwa sauti ya kutosha majirani, "Mama, usiwe na wasiwasi, tuna akiba." Nikaingia jikoni natembea kama mwenye benki.

Nikaishusha. Masizi yakanimwagikia kifuani, kanzu yote ikawa na michirizi. Nailoni ilikuwa imeyeyuka ikagandia kwenye betri, nikaibandua kwa kisu. Nilipopita na betri mbele ya mkwe, akanusa hewa akauliza, "Mwanangu, kuna kitu kinaungua?"

Nikasema hapana mama.

Nikafunga betri. Nikazungusha ufunguo.

Safari hii hata ile tik haikuwepo. Hata zile taa za kwenye dashibodi hazikuwaka. Kimya kabisa.

Kwanza nikailaumu gari. Nikakaza terminal, nikapigapiga, nikabinua nyaya, nikamwagiwa masizi mengine. Ndipo nikakubali kwamba ninayo betri inayokufa na betri iliyokwisha kufa. Nikafungua ile mpya, nikairudisha ile ya zamani, kwa kuwa angalau ilikuwa inasema tik.

Hapo ndipo hofu ilinishika. Kulikuwa kunapambazuka, bodaboda wa kwetu wote walikuwa wameshatoka na mizigo, na yule mama ametulia kwenye kiti, mikono mapajani, ananiamini.

Watu wakaanza kutoka msikitini. Mzee Seif mbele.

Alitazama kanzu, akatazama betri iliyoko chini, akasema, "Naona imepumzika vya kutosha." Kisha akakunja mikono ya kanzu yake na kuwaita wenzake waje kusukuma.

Kijiji chetu ni mchanga. Gari ilikuwa inasogea kidogo inazama, inasogea inazama. Mimi ndani nimeshika usukani, gia ya pili, mguu kwenye klachi, jasho na masizi vinashuka pamoja. Nikasikia mlango wa pili unafunguliwa. Mama mkwe anateremka.

Nikamwambia, "Mama kaa tu, wanaume watasukuma."

Akasema, "Mie mabovu macho tu, baba. Mikono mizima." Akapapasa ubavu wa gari akielekea nyuma, nikamsikia anawauliza watu, "Napashika wapi?"

Nikamwona kwenye kioo cha pembeni. Kanga kaifunga kiunoni, viganja kaviweka kwenye bodi, kichwa kakiinamisha. Bilal upande huu, mkwe wangu upande ule. Wakuu, nimewahi kuaibika maishani, lakini siku ile nilitamani nimezwe na kiti.

Walinisukuma mpaka mbele ya duka ambapo udongo ni mgumu. Nikaachia klachi, gari ikakohoa, ikawaka.

Sikuthubutu kuzima. Hata mguu sikutoa kwenye mafuta. Mkwe akapandishwa, akakaa akihema, tukaenda mpaka Kibiti. Nilikuwa nasikia tu pumzi zake, kila pumzi inanichoma.

Hospitalini mlinzi akaniambia nizime gari. Nikamwambia siwezi. Akadhani namletea ujeuri. Ilibidi nibaki nje ya geti injini ikinguruma, shemeji yenu akamshika mama yake mkono wakaingia.

Shemeji yenu akarudi baadaye macho mekundu kwa kulia. Jina lilikuwa limeshaitwa.

Nikazima gari palepale. Sikujali itawaka au haitawaka. Nikaingia ndani na kanzu yangu ya masizi, nikamwomba muuguzi, nikamweleza kosa ni langu, si la mama. Alikuwa mtu wa utu. Akasema tukae mwisho wa foleni, madaktari wakimaliza wote na muda ukiwepo watamwangalia, ila haahidi.

Tulikaa kwenye benchi mpaka mchana ukapita na kivuli kikahama ukuta. Kila mlango ukifunguliwa anaitwa mwingine. Mkwe hakunung'unika. Mimi nilikuwa nawaza nitamrudishaje yule mama Kiongoroni gizani vilevile alivyokuja, kwa sababu tu sikuwahi kuichaji betri.

Alasiri, benchi likiwa tupu, akaitwa. Nikainuka mimi kabla yake.

Tukalala kwa ndugu pale mjini, yeye akabaki wodini na bandeji. Asubuhi nikaibeba ile betri mpya kwenda kwa fundi wa chaji, maana nilikuwa nimeipakia nyuma ya gari. Akafungua vifuniko, akachungulia, akainama akanusa. "Kaka, hii mliichoma?"

Ndani ilikuwa kavu, mabamba yamepiga utando mweupe. Akajaribu kuitia maji na kuichaji, haikushika. Nilipomweleza uchaga wa mbegu alicheka mpaka akaketi. Halafu akaacha kucheka ghafla, akaniambia betri inatoa gesi inayolipuka, na mimi niliiweka juu ya moto anaopikia mke wangu kila siku. Hapo nami sikucheka.

Basi niliyojifunza ni haya. Betri iliyokaa bila kazi inajimaliza yenyewe polepole, na joto linaiharakisha. Ikikaa tupu muda mrefu, yale mabamba yanaharibika, hata uichaji vipi haipokei. Kwa hiyo ihifadhi ikiwa imejaa chaji, mahali pa baridi, pakavu, hewa inapita, mbali na moto, isimame wima. Usiifunge nailoni, ina matundu ya kupumulia. Kama ni ya kuongeza maji, ongeza maji ya betri, si ya kisima. Angalau mara moja kwa mwezi ipime kwa mita, na mita ikisoma chini ya volti kumi na mbili na nusu irudishe kwenye chaji. Vichwa paka grisi, mafuta ya nazi acha yaende kwenye nywele. Habari ya sakafu kunyonya chaji, fundi kasema kwa betri za siku hizi ni maneno tu.

Na kilicho bora kuliko vyote, itumie. Zungusha, mwezi huu hii, mwezi ujao ile.

Nikatoka pale nikaenda hospitali. Nilikuta ndiyo kwanza wanamfungua bandeji.

Akapepesa jicho, likatoka machozi. Akamtazama binti yake muda mrefu, akamshika mashavu, akamwambia umekonda. Shemeji yenu akaanza kulia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeinamisha kichwa kama mila inavyotaka, nataka kuondoka kimyakimya.

Akaniita. "Inua uso, baba, nikuone. Haiwezekani nikasukuma gari la mtu nisiyemjua."

Nikainua uso. Tukatazamana, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe mwanawe. Nililia wakuu, mbele ya wagonjwa wote wa wodi, sitaficha.

Akanikagua, akageuka kwa binti yake akasema, "Mbona hukuniambia kama ana mvi?"

Amesharudi Kiongoroni, jicho la pili linasubiri madaktari warudi. Akipata mtandao hupiga simu. Haulizi mvua wala wajukuu kwanza, anauliza, "Umeichaji?" Nami huwa nimeichaji, ile niliyonunua badala ya iliyokufa, kwa sababu yule mama siwezi tena kumdanganya, ananijua sura.

Wenye betri za akiba inukeni mkazikague sasa hivi, kisha mrudi hapa mseme mmezikuta wapi na katika hali gani. Kunicheka ruksa, ila jueni bilal wetu amewatangulia.