Zamu ya Kufunika

Kahawa iliyomenywa na kuanikwa mezani haitaki jua la mchana. Siku zake za mwanzo, ganda likiwa bado bichi, jua la saa sita hulipasua, na punje iliyopasuka ganda mnunuzi huitupia jicho mara moja tu. Kwa hiyo tangu saa sita mpaka saa tisa meza hufunikwa kwa magunia yaliyoshonwa pamoja kama shuka. Na lazima abaki mtu, kwa sababu upepo wa milimani hufunua na mbuzi wa majirani hawana adabu. Katika kituo kile cha kumenyea kahawa, kwenye njia ya kwenda Litembo, mtu wa kubaki nilikuwa mimi. Kila siku, tangu wiki yangu ya kwanza.

Nilikuwa nimepanda kutoka Ziwa Nyasa mwezi mmoja tu kabla. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kujaribu: nimevuta nyavu Lituhi, nimekuwa utingo wa lori la mahindi, nimebeba mchanga, nimelima kibarua Mbuji. Sehemu zote hizo niliondoka kabla hawajanizoea. Kahawa nilikuwa naiona kwenye magunia tu, nikataka kujua inafikaje mle. Hiyo ndiyo sababu yote iliyonipeleka.

Tulikuwa wanne mezani. Mama mmoja wa makamo, ambaye alikuwa na msimu wa saba pale na alijua unyevu wa kahawa kwa kuing'ata. Vijana wawili, mmoja ameoa dada wa mwenzake, kwa hiyo kutwa walikuwa wanaitana shemeji, na sisi tukawatofautisha kwa urefu: shemeji mrefu na shemeji mfupi. Wa nne mimi, ambaye wote watatu waliniita Mnyasa, kama vile watu wa ziwani tumezaliwa bila majina.

Ikifika saa saba wenzangu walikwenda kula kwenye banda la bati, hatua kama sitini kutoka kwenye meza. Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikilinda magunia. Saa nane mmoja wao alikuja na sahani ya kilichobaki: ugali umepoa, maharage yamegandia pembeni. Sikuwa na shida na ugali baridi. Mtu aliyelala ufukweni akisubiri mtumbwi hachagui ugali. Kilichonikera ni kicheko.

Walicheka sana, watu wale. Sauti ya mama ilianza chini chini, maneno hayasikiki, halafu shemeji mfupi anadakia, halafu wote wanaangua. Siku moja shemeji mrefu alitoka bandani amejishika tumbo, kiatu kimoja kimemtoka, akainama kwenye nguzo kama mtu anayeumwa. Nilisimama kabisa juu ya ndoo. Wamesema nini? Nilitamani kujua mpaka nikashindwa kula. Mimi ndivyo nilivyo. Watu wakinong'ona kwenye kituo cha basi, naweza kuliacha basi liondoke ili nisikie mwisho wake.

Mwisho wa wiki ya pili nikamfuata mama wakati tunachambua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Si umeniamkia asubuhi?"

"Mama, kwani kulinda ni mimi kila siku?"

Hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea kuokota punje mbovu. "Wewe umeleta chombo gani?"

Nikasema sikuelewa.

"Pale bandani kila mtu anakuja na chombo chake. Mimi maharage, huyu ugali, yule ndizi mbivu. Tunamwaga kwenye sinia moja. Asiyeleta chombo anasubiri kinachobaki. Hata mwanangu wa kumzaa ni hivyo hivyo."

"Mnyasa analeta mdomo," akasema shemeji mfupi kutoka meza ya pili.

"Mdomo wenyewe ule, shemeji? Huo unalisha kituo kizima," akajibu mrefu, na wote wakacheka, mama naye.

Kumbe ilikuwa desturi, na desturi yenye haki yake. Nilipaswa kuona aibu. Badala yake nilifurahi, kwa sababu sasa nilijua mlango uko wapi. Jumapili, watu walipotoka kanisani, nilishuka mjini Mbinga nikanunua usipa, dagaa wetu wa ziwani, wakavu, nikamwomba mama mwenye nyumba aniungie kwa nyanya na vitunguu. Jumatatu saa saba, baada ya kufunika, niliweka bakuli langu kwenye mkeka bandani, nikafunua. Harufu ikajaza banda.

Mama alilitazama. "Umepika mwenyewe?"

"Mama mwenye nyumba kanipikia."

"Basi chombo ni cha mama mwenye nyumba. Mwite aje ale."

Shemeji mfupi alicheka mpaka akapaliwa. Nilikuwa nimekaa katikati ya kicheko chao hatimaye, na nilichokisikia ni mimi mwenyewe nachekwa. Lakini mama alisogea, akanipa nafasi ya goti moja. "Haya, kaa. Na huko mezani yuko nani?"

Shemeji mrefu akasema yeye ana mwaka wa nne pale, hawezi kwenda kukalia ndoo. Mfupi akasema shemeji yake asipokwenda na yeye haendi, maana dada yake, mke wa huyo mrefu, atauliza kwa nini amekubali kutumwa. Kumwangalia mama hakuna aliyethubutu. Upepo ulipiga, tukasikia gunia linapepea. Nikaamka. Nilirudi kwenye ndoo, na walikula usipa wangu wote. Saa nane sahani iliyonifikia ilikuwa na ugali, maharage, na vichwa vitatu.

Vile vichwa vitatu ndivyo vilivyonipeleka ofisini.

Najua sasa kwamba pale ndipo nilipokosea. Mambo ya sinia hayapelekwi ofisini. Lakini nilikuwa na hasira, na neno haki lina utamu wake mdomoni. Msimamizi alikuwa kijana wa umri wangu, ametoka chuo, mpole, anapenda sana karatasi. Nilimwambia nafanyiwa uonevu wa mapumziko. Sikumwambia kwamba nataka kusikia wanacheka nini. Alinisikiliza vizuri, akatoa rula. Kesho yake ratiba ilikuwa imegongomelewa kwenye nguzo: Zamu ya Kufunika. Kila siku mtu mmoja, mama akiwamo. Saa sita anafunika, analinda mpaka saa nane. Wenzake wanakula saa saba mpaka saa nane, yeye anakula saa nane mpaka saa tisa. Saa moja kila mtu, wala zaidi wala pungufu.

Mama aliisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Kisha akanigeukia. "Umekwenda kutushtaki, Mnyasa."

"Sikushtaki, mama. Nimeomba usawa tu."

"Haya. Tutakula usawa."

Zamu ya kwanza ilikuwa yake. Saa saba tuliingia bandani watatu, tukakuta sinia tupu. Maharage alikuwa ameondoka nayo mezani, kwa kuwa saa yake ya kula haijafika. Shemeji mrefu akatazama ugali wake. "Sasa tunalia nini, shemeji?"

"Muulize Mnyasa, yeye ndiye serikali."

Kesho yake ikawa zamu ya mrefu, ugali ukaenda naye. Tukala maharage kwa vijiko kama wagonjwa. Siku ya tatu kila mtu alikuja na chakula chake kamili, akala kwenye bakuli lake, ameligeuzia ukutani. Simu zikawa zinakaa juu ya mkeka, saa ikionekana. "Jana ulizidisha dakika kumi na moja." "Nilikwenda haja." "Haja yako nayo iandikwe kwenye karatasi." Nilikaa pale nimepata nafasi yangu, goti zima na zaidi, nikisubiri mama aanze zile sauti za chini chini. Hakuanza. Alikuwa anakula, ananawa, anatoka.

Nikajiambia ni hasira, itapita. Nilikuwa naanza kuutazama mfuko wangu wa nguo, kama ninavyoutazama nikitaka kuhama, lakini nikasema hapana, siondoki kabla sijasikia walau mara moja.

Zamu ya mama ilirudi siku yenye ukungu. Miezi ile ya baridi, milimani, jua linatoka na kujificha mara tano kabla ya mchana. Alifunika saa sita. Saa saba na nusu manyunyu yakaanza, nasi tuko bandani. Yakija manyunyu lazima nailoni zitandazwe juu ya magunia, haraka, meza zote nane. Tulimwona anakimbia. Anavuta nailoni upande huu, anaweka jiwe, anazunguka upande wa pili, upepo umeshaitoa. Kanga yake ililowa ikamshika miguuni.

Shemeji mrefu alinyanyuka nusu.

"Kaa," akasema mfupi. "Ni saa yetu hii. Karatasi imesema."

Akakaa. Mimi nilikuwa na tonge mkononi. Nililila. Siwezi kulieleza tonge lile vizuri zaidi ya hivyo: nililila huku namwangalia, na lilishuka.

Saa nane kamili mama aliingia bandani, maji yanamtiririka, akachukua bakuli lake bila kutuangalia. Sisi tukashuka kwenye karo, birika la saruji, kuosha kahawa iliyolala humo. Manyunyu yalikuwa yameshakwisha, na jua likatoka kali kama limekopwa mahali. Saa tisa nilipita karibu na meza nikielekea kuchukua koleo. Nailoni zote zilikuwa bado zimetandazwa, zimejaa matone kwa ndani. Nilisimama. Nikafikiri: kufunika ni kwake leo. Nikachukua koleo, nikashuka. Mashemeji nao, walituambia baadaye, waliona. "Tukajua aliyefunika ndiye atakayefunua." Na mama, akiwa amemaliza kula, alikwenda kuchambua nyuma ya stoo, akijua kwamba tangu saa nane meza ziko mikononi mwa waliorudi kazini. Wote wanne tulikuwa sahihi.

Saa kumi na moja msimamizi alinyanyua ncha ya nailoni ya kwanza. Mvuke ukampiga usoni. Ilikuwa harufu ya pombe ya jana, na kahawa ilikuwa ya moto ukiingiza mkono, kama uji uliotoka jikoni. Akakimbilia ya pili, ya tatu.

"Zamu ya nani leo?"

Tuliangalia nguzo.

"Zamu ya kufunika ilikuwa yangu," mama akasema. "Nimefunika."

"Na kufunua?"

Msimamizi alikwenda mpaka kwenye nguzo, akaisoma karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa rula, juu mpaka chini, na tena juu mpaka chini. "Hapa kufunua hakupo," akasema, kama mtu anayejiambia. Shemeji mrefu akakohoa. Hakuna aliyecheka. Kahawa ile ilikuwa ya wakulima waliokuwa wameibeba kichwani kutoka mabondeni, wengine wazee, na kila mmoja wetu alikuwa na ndugu kati yao, isipokuwa mimi. Meza tatu ziliharibika kabisa. Tuliichota kahawa yake tukaiweka kando mpaka giza likaingia.

Asubuhi karatasi ilikuwa imetolewa. Msimamizi alisema hataki tena zamu wala banda. Kila mtu apewe meza mbili zake, afunike, afunue, na ale hapo hapo pembeni ya meza zake, na chakula chake. Watu wanne, meza nane. Hata mtoto mdogo asingeweza kuligawa jambo lile kwa usawa zaidi. Ikifika saa saba kila mmoja alipindua ndoo yake, akakaa, akala akitazama magunia. Nilikuwa nimeomba tuwe sawa, na sasa wote walikuwa wanakula kama mimi.

Meza zangu zilipakana na za mama, njia ya mguu mmoja katikati. Siku tatu hakunisemesha zaidi ya kuitikia salamu. Siku ya nne nilishindwa.

"Mama, samahani. Zile siku za mwanzo, nilipokuwa nalinda. Mlikuwa mnacheka nini kule bandani?"

Alitafuna kwanza, akameza. "Siku zipi?"

"Zile zote. Kuna moja shemeji mrefu alitoka mpaka kiatu kikamvuka."

Alifikiri. Niliona anafikiri kweli, anatafuta, uso umekunjamana. "Kiatu?" akasema. "Sikumbuki."

"Hata kidogo?"

"Mnyasa, ni maneno ya kulia ugali hayo. Ungekuwepo, na wewe usingekumbuka."

Hakulisema kwa ubaya. Angelisema kwa ubaya ningejua la kumjibu. Alirudi kwenye bakuli lake, akaonja, akakunja mdomo.

"Una chumvi?"

Nilikuwa nayo, kwenye kipande cha gazeti. Nilivuka njia nikampa. Akachukua kidogo kwa vidole viwili, akanyunyiza, akaikunja karatasi vizuri na kunirudishia. Niliipokea nikabaki nimesimama pale, kama kuna kitu kingine kitafuata. Kule mbali mashemeji walikuwa wanakula, kila mmoja amempa mwenzake mgongo.

"Rudi mezani kwako," mama akasema, bila kuinua kichwa. "Gunia lako linafunuka."