Katambuga za Punda wa Mama Mageni

Mzee Ndaki alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa magoti tu. Miaka thelathini aliwashonea watu katambuga pale Mhunze, kwa matairi ya lori, mpaka bwana mifugo mmoja alipomfundisha kuchonga kwato za punda wagonjwa na kuwavisha viatu. Tangu hapo hakuna aliyemwita kwa ajili ya miguu ya binadamu.

Asubuhi hiyo aliitwa kwa mara ya tatu kwa Paskazia, mjane ambaye kijiji kizima humwita Mama Mageni. Punda wake alikuwa amesimama akiegemea nyuma, kama mtu aliyekanyaga makaa. Ndaki alizipapasa kwato za mbele, akakuta ni za moto. Wanasema shukrani ya punda ni mateke, lakini huyu hata kuinua mguu hakuweza.

Mara ya kwanza Ndaki alimchonga kwato, akamvisha viatu vya mpira, vinene nyuma na vyembamba mbele, ili uzito uhamie kisiginoni. Akaagiza: asivute mkokoteni, ale majani makavu tu, pumba asiguse, maana ndiyo inayochoma kwato. Punda akapata nafuu, halafu akazidiwa tena. Mara ya pili ikawa vilevile. Ndaki alijilaumu, akaona mkono wake umezeeka na kazi imemshinda. Kiatu kikishindwa safari hii, punda atachinjwa, na hilo wote wawili walilijua.

Alipoinama kuokota tupa yake, akaona unga umeganda kwenye midomo ya punda. Akazunguka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na beseni la pumba na mashudu ya pamba, limerambwa likang'aa.

Hasira zikampanda. Alisema hafungi kiatu hata kimoja, atafutwe fundi mwingine wa kuchezewa. Mama Mageni hakubisha. Nywele za utosini zilikuwa zimemnyonyoka kwa ndoo, maana tangu punda augue, maji ya lamboni aliyabeba mwenyewe.

"Kanibebea maji miaka tisa, baba," alisema. "Leo anaumwa, nimnyime chakula?"

Ndaki alikaa chini, palepale kwenye samadi. Marehemu mkewe, Serafina, aliugua kisukari, kikamla mguu. Majirani walikuja kumpa pole na soda mkononi, kama watu wanavyokwenda kwa mgonjwa. Naye Ndaki, kila akitoka gulioni, alimletea chupa, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichobaki cha kumchekesha. Daktari alikataza. Ndaki aliitikia, akaendelea kuleta. Habari hii hakuwahi kumwambia mtu.

"Mama Mageni," alisema, "mke wangu nilimuua mimi, kwa soda. Nilikuwa nampenda."

Mama Mageni akaingia ndani, akatoka na kiroba cha pumba kilichobaki, akakifunga kwa mpira nyuma ya baiskeli ya Ndaki ili aondoke nacho. Ndaki akavuta kipande cha tairi, akaanza kukata.

"Sasa nitampa nini?" Mama Mageni aliuliza.

Ndaki hakuinua macho. Alisema amkune shingo, akae naye.

Mama Mageni akasimama kando ya punda wake, akamkuna kwa mikono mitupu, mpaka viatu vyote viwili vikakamilika.